Aleji ya paka na kibofu kisichotulia: kuna aliyewahi kuona uhusiano?

UaLaUsiku

Salaam wakuu. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Mambo haya siwezi kumsimulia mtu tukiwa tunatazamana usoni, ila humu najua wapo waliopitia na wapo wataalamu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34. Huu mwaka wa tatu nahangaika na mkojo. Nabanwa kila baada ya dakika 40 hivi, nikienda natoa kidogo, nikinyanyuka nahisi bado upo. Chini ya kitovu ni kama nimefungwa kamba, na kibofu kinavyozidi kujaa kuna mtu anaikaza. Nikishakojoa inalegea dakika kumi, halafu inaanza upya. Kiti kigumu sikiwezi. Usiku naamka mara 4, siku mbaya mara 6. Mara nyingi saa tisa usiku inanikuta chooni nimefungua bomba ili sauti ya maji inisaidie kutoa hicho kidogo.

Nimemaliza dozi 7 za UTI. Mkojo umeoteshwa mara 5, na ni mara ya kwanza tu walipoona bakteria. Dozi ya mwisho nilipouliza mbona natibiwa ugonjwa ambao kipimo hakiuoni, niliambiwa nipunguze mawazo. Nililia chooni hapohapo hospitalini, nikanawa uso, nikaenda dirishani kuchukua dawa.

Kilichonifanya nifungue uzi ni hiki. Nina paka, mwaka wa nne sasa. Na aleji ya paka ninayo, siyo ya kudhani: nilichomwa vile vipimo vya ngozi mkononi, alama ya paka ikavimba kuliko zote. Chafya, macho kuwasha na pua kuziba ndiyo maisha yangu, nameza vidonge naendelea. Miezi miwili iliyopita nilisafiri siku 12, paka akabaki na mdogo wangu. Siku ya tano huko ugenini niliamka jua limeshatoka, nikagundua usiku kucha nimekwenda chooni mara moja tu. Nikadhani ni bahati. Ikawa hivyohivyo mpaka siku ya kurudi. Nimefika nyumbani, siku ya tatu kamba ile imerudi.

Je, aleji ya mnyama inaweza kushuka mpaka kibofuni? Nyumbani wameshaamua paka aondoke. Mimi nikimwona anavyonisubiri mlangoni nashindwa.

NgaoYaChuma

Pole sana dada. Umejijibu mwenyewe hapo: umekaa mbali na paka umepata nafuu, umerudi umeumwa. Mtafutie mtu wa kumlea. Afya kwanza.

Kibuyu

Naunga mkono. Tena usichelewe.

MtuWaKliniki

Dada UaLaUsiku, pole kwa miaka mitatu, na pole zaidi kwa kuambiwa upunguze mawazo. Nimefanya kazi kwenye kliniki ya magonjwa ya mfumo wa mkojo kwa muda mrefu, na maelezo yako nimeyasikia kwa watu wengi waliokuwa wameambiwa hivyohivyo.

Maumivu au mgandamizo wa kibofu unaodumu zaidi ya wiki 6, pamoja na kubanwa mara kwa mara, bila maambukizi wala sababu nyingine inayoonekana, una jina lake: ugonjwa wa maumivu ya kibofu. Wengine huuita interstishali sistaitisi. Daktari Guy Hunner wa Baltimore aliandika mwaka 1915 kuhusu vidonda alivyoviona kwenye kibofu cha wagonjwa wa namna hii, na mpaka leo vidonda hivyo vinaitwa kwa jina lake. Wengi wenye ugonjwa huu hawana vidonda hivyo, lakini maumivu yao ni ya kweli kabisa.

Sasa aleji. Mwilini kuna seli zinaitwa seli za masti. Paul Ehrlich ndiye aliyezipa jina, mwaka 1878. Ni kama vifuko vilivyojaa kemikali, na maarufu katika hizo ni histamini. Kwa mtu mwenye aleji, seli hizi zimevalia kingamwili za IgE, yaani protini za kinga ya mwili zinazomtambua paka. Protini ya paka ikigusa kingamwili hizo, vifuko vinapasuka, pua inavimba na chafya zinaanza. Seli hizo ziko puani, kwenye ngozi, mapafuni, tumboni, na kwenye ukuta wa kibofu pia. Kwa baadhi ya wagonjwa wa maumivu ya kibofu, hasa wenye vidonda vya Hunner, zimekutwa nyingi kuliko kawaida. Na watu wenye ugonjwa huu huripoti aleji za aina mbalimbali kuliko watu wengine. Kwa hiyo swali lako ni la msingi, na wataalamu wamelifanyia kazi kwa miaka mingi.

Ila msikimbilie hitimisho. Histamini inayomwagika puani huvunjwa ndani ya damu kwa muda wa dakika chache tu, haipandi gari kushuka kibofuni ikakae huko. Na seli za masti za kibofuni hazihitaji paka ili zipasuke: mishipa ya fahamu iliyo jirani nazo inaweza kuziamsha yenyewe, nazo zikishaamka zinaichokoza mishipa hiyo izidi kuuma. Zaidi ya hapo, haidroksizini, dawa ya kuzuia histamini, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa kibofu katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003 wenye washiriki 121. Waliopata nafuu kati ya waliotumia dawa ni asilimia 31, na kati ya wasioitumia asilimia 20, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kusema dawa imefanya kazi. Kama aleji ingekuwa ndiyo mzizi kwa wagonjwa wengi, tungeona zaidi ya hapo.

Kabla sijaendelea naomba unijibu matatu. Vidonge vya aleji unavyomeza ni vipi, na ulipokuwa safarini uliendelea kuvimeza? Kingine kilichobadilika safarini ni nini: kazi, kiti, kahawa, usingizi? Na umewahi kuona damu kwenye mkojo, hata mara moja?

UaLaUsiku

Asante sana daktari, umenitoa machozi ya aina nyingine.

Damu hapana, sijawahi.

Vidonge: usiku nameza klorofeniramini, karibu kila siku kwa miaka miwili na zaidi, kwa sababu vinanisinzisha. Asubuhi nameza vile vya mchanganyiko vya kuzibua pua, kwenye pakiti wameandika pseudoefedrini. Safarini nilimeza siku mbili za kwanza tu. Pua ilifunguka yenyewe nikaona sina haja.

Kilichobadilika kingine: kazi yangu ni ya kukaa kwenye kompyuta masaa 9, kule sikukaa. Tulikuwa tunatembea kila jioni. Kahawa nilikunywa kama kawaida. Ah, na jagi. Nyumbani nalala na jagi la maji pembeni ya kitanda maana kinywa kinakauka sana usiku, asubuhi limeisha. Kule sikuwa na jagi na sikuona kiu.

MtuWaKliniki

Hapo kwenye vidonge na jagi ndipo ninapotaka tusimame.

Klorofeniramini ni ya kizazi cha zamani cha dawa za aleji. Mbali na kuzuia histamini, inazuia pia asetilikolini, kemikali ambayo ndiyo inayoamuru msuli wa kibofu ujikaze na kutoa mkojo. Mtu anayeitumia kila usiku anaweza kupata shida ya kuanzisha mkojo, mkondo ukawa dhaifu, na mkojo mwingine ukabaki ndani. Ukibaki, kibofu kinajaa upya haraka, unabanwa upya haraka. Ile habari yako ya kufungua bomba saa tisa usiku nimeirudia kuisoma mara mbili. Dawa hiyohiyo inakausha mate, ndiyo maana kinywa chako kikavu, ndiyo maana jagi, na lile jagi lazima litoke mahali fulani kabla ya asubuhi.

Pseudoefedrini nayo inazibua pua kwa kubana mishipa ya damu, lakini inabana vilevile msuli ulio mdomoni mwa kibofu. Mlango unabanwa asubuhi, msukumo unalegezwa usiku.

Kwa hiyo safari yako ilikuondolea paka, ikakuondolea vidonge viwili, ikakuondolea kiti, ikakuondolea jagi. Vyote kwa pamoja. Paka anaweza kuwa kweli ndiye mwanzo wa mnyororo, lakini siyo kwa kushambulia kibofu. Ni kwa sababu ya paka pua inaziba, kwa sababu ya pua unameza vidonge, na vidonge vinakibana kibofu.

Usiviache ghafla kwa sababu ya andiko langu humu. Nenda kwa daktari wako na majina ya dawa mkononi, umwulize kama unaweza kuhamia kwenye dawa ya kizazi kipya kama setirizini au loratadini, pamoja na dawa ya steroidi ya kupuliza puani ambayo inafanya kazi palepale puani. Omba pia kipimo cha utrasaundi cha kuona mkojo unaobaki baada ya kukojoa. Ni kipimo cha dakika chache, hakiumi, na huwa nashangaa jinsi kinavyosahaulika.

MikonoMiwili

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, natibu nyonga. Nimesoma nikitikisa kichwa kukubali, ila kuna kitu bado hakijaguswa, nacho ni chafya.

Dada, chini ya kibofu, kuanzia mfupa wa mbele mpaka mkiani, kuna misuli imetandazwa kama kitanda cha kamba. Tunaita misuli ya sakafu ya nyonga. Kila unapopiga chafya au kukohoa, mgandamizo wa tumbo unashuka kwa kishindo, na misuli hiyo inajikaza kabla tu ya kishindo ili mkojo usitoke. Hiyo ni kazi nzuri. Sasa piga hesabu ya mtu anayepiga chafya 30 au 40 kwa siku, miaka mitatu. Wengine misuli inachoka na mkojo unavuja. Wengine inakuwa kinyume, misuli inasahau kulegea. Inabaki imekaza muda wote, kama mtu anayetembea na ngumi iliyofumbwa. Ongeza maumivu, maana mtu anayeumwa hujikunja bila kujua. Ongeza masaa 9 ya kiti.

Misuli hii ikikaa imekaza inatoa dalili ambazo huwezi kuzitofautisha na za kibofu: kubanwa wakati mkojo ni kidogo, kuchoma, mkondo kukatikakatika, kuhisi hujamaliza, maumivu wakati wa tendo la ndoa, kushindwa kukaa kwenye kiti kigumu. Hiyo ya kiti ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Na hapa nakuomba sana: usianze mazoezi ya kubana na kuachia yanayosifiwa kila mahali. Ni mazuri kwa misuli iliyolegea. Kwa misuli iliyokaza ni kuongeza moto. Nimepokea wanawake waliobana kwa bidii miezi sita na kila wiki wakizidi kuumwa, na hakuna aliyewaambia waache. Kinachohitajika ni kulegeza: mtaalamu anatafuta kwa kidole vile vifundo vinavyouma na kuvilegeza taratibu. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2012 uliwachukua wanawake 81 wenye maumivu ya kibofu na misuli inayouma ikiguswa. Waliopata tiba hii ya nyonga, asilimia 59 walisema wamepata nafuu ya wastani au kubwa. Waliopata masaji ya kawaida ya mwili mzima, asilimia 26.

Nyumbani anza na hili. Lala chali, weka mito chini ya magoti, kiganja kimoja juu ya tumbo. Vuta pumzi puani taratibu mpaka tumbo liinue kiganja, na wakati tumbo linapanda sikilizia chini, ile sehemu unayokalia, kama inashuka na kufunguka. Mwanzoni hutasikia chochote. Endelea dakika tano asubuhi na jioni. Siku utakayosikia inashuka utajua ulikuwa umekaza kiasi gani.

NgaoYaChuma

Nimejifunza kitu leo. Ila bado nauliza, si rahisi zaidi paka akiondoka kuliko kupita njia hizi zote?

Baba_wa_Wawili

Kaka NgaoYaChuma, ngoja nikujibu mimi niliyempeleka mbwa wangu.

Mimi ni mwanaume wa miaka 41. Maumivu yangu yalikuwa kati ya korodani na njia ya haja kubwa, pamoja na mkojo kuchoma na maumivu baada ya kumwaga. Nikaambiwa tezi dume lina bakteria, nikanywa antibayotiki wiki 6, kisha wiki 6 tena. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba wengi mno wanaoambiwa wana uvimbe wa tezi dume wa muda mrefu hawana bakteria wowote, na kwamba hali hiyo ina jina lake, maumivu sugu ya nyonga. Wataalamu waliigawa katika makundi mwaka 1999, na sisi ni kundi la tatu, lile kubwa kuliko yote.

Nina aleji ya mbwa. Nilisoma mahali kwamba inaweza kuwa ndiyo chanzo, nikaamua. Mbwa alikuwa na miaka 8. Nilimpeleka kwa ndugu mbali, nikarudi na mkufu wake mfukoni. Bakuli lake la maji sikuweza kulitoa kwenye kona, lilikaa pale likakauka. Watoto hawakunisemesha siku mbili. Na maumivu hayakupungua hata chembe, miezi mitano mizima. Kilichonisaidia ni hicho anachokisema MikonoMiwili, pamoja na kuacha kukaa masaa mengi garini. Mbwa alishazoea kule, nikaona kumrudisha ni kumtesa mara ya pili.

Dada, kama mwisho wa safari ni kumtoa, mtoe. Ila usianzie hapo.

JuaLaMagharibi

Nimesita siku tatu kuandika hapa. Naandika kwa sababu uzi unauliza kama aleji ya mnyama inaweza kufika huko chini, na kwangu ilifika, kwa njia ambayo hakuna aliyeitaja.

Kila nikikutana na mume wangu, ndani ya nusu saa nilikuwa nawaka moto. Uke unavimba, unawasha, nikikojoa nalia. Kesho yake inatulia. Nilitibiwa UTI, nikatibiwa fangasi, nikatibiwa UTI tena. Ndoa ikaanza kuyumba, maana nilikuwa namkwepa na siwezi kumwambia kwa nini, naye akaanza kufikiri mengine.

Muuguzi mmoja ndiye aliyeniuliza: mkitumia kondomu inakuwaje? Tukajaribu. Haikutokea. Tukarudia, haikutokea. Nikapelekwa kwa mtaalamu wa aleji, akanipima, ikaonekana nina aleji ya mbwa. Mbwa tunaye, dume, na kweli alikuwa ananipigisha chafya lakini sikuwahi kuipa uzito.

Alinieleza hivi. Mbwa ana protini kadhaa zinazoleta aleji, na mojawapo inaitwa Can f 5. Hiyo inatengenezwa kwenye tezi dume la mbwa, inatoka kwenye mkojo wake na inakutwa kwenye manyoya. Protini hiyo inafanana na ile inayotengenezwa na tezi dume la binadamu, ambayo imo kwenye shahawa, ndiyo hiyo ambayo wanaume wanapimwa damuni kuangalia saratani ya tezi dume. Kinga ya mwili wangu ilijifunza kuchukia ya mbwa, ikaichanganya na ya mume wangu. Sikuwa nimeambukizwa kitu chochote na mume wangu hakuwa na kosa lolote.

Siyo wote wenye aleji ya mbwa wana aleji ya Can f 5, na wenye nayo siyo wote wanaopata hili langu. Paka hana protini hii, kwa hiyo dada UaLaUsiku kwako huenda siyo. Lakini dada yeyote anayewaka moto baada ya tendo, na kondomu inamsaidia, na mkojo wake kila ukioteshwa hauoti, aulizie. Mtu akipata pia shida ya kupumua, kuvimba midomo au kizunguzungu baada ya tendo, hiyo ni dharura, asisubiri asubuhi. Sisi tunatumia kondomu, na mtaalamu ametueleza kuna njia ya kuzoesha mwili polepole chini ya uangalizi wake kama tutataka mtoto mwingine.

MtuWaKliniki

JuaLaMagharibi, asante kwa ujasiri huo. Kila neno uliloandika ni sahihi, na utawasaidia watu wengi wasioweza kuandika.

MpoleWaMifugo

Mimi ni daktari wa wanyama. Nasema mawili tu upande wa mgonjwa asiyeweza kuandika humu.

Kwanza, paka naye anapata ugonjwa kama huu. Paka wengi wenye umri wa chini ya miaka 10 wanaoletwa kwetu wakikojoa kidogokidogo kwa maumivu, zaidi ya nusu hawana bakteria wala mawe. Kibofu kinavimba kwa msongo: kuhamishwa, mgeni ndani ya nyumba, sanduku la choo lisilosafishwa. Tony Buffington wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio alionyesha kwamba ukimtengenezea paka mazingira yenye utulivu, mahali pa kujificha na pa kupanda, dalili zinapungua. Kwa hiyo kumrusha paka nyumba hii na ile kwa majaribio ni kumtafutia maradhi. Na paka dume akijikunja kukojoa na mkojo hautoki kabisa, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo, anaweza kufa.

Pili, kumtoa paka wiki moja hakukupi jibu. Protini yake kuu, Fel d 1, inatoka kwenye mate na tezi za ngozi, anajilamba na kujipaka mwili mzima. Chembe zake nyingine ni ndogo kiasi cha kuelea hewani kwa masaa, zinashika nguo, magodoro, mapazia. Paka akishaondoka, nyumba inachukua miezi 4 hadi 6 kupungua kufikia kiwango cha nyumba isiyo na paka. Mtu aliyemtoa paka Ijumaa na kujihisi amepona Jumatatu, kilichomponya siyo kutoweka kwa paka.

Unachoweza kufanya leo: chumba cha kulala kiwe chako peke yako. Osha mashuka kwa maji ya moto. Toa zulia chumbani kama lipo. Mwingine amsugue manyoya, nje. Na usitafute paka asiye na aleji, aina hiyo haipo, wapo tu wanaotoa kidogo kuliko wengine.

Kibuyu

Naondoa neno langu la kwanza. Samahani dada.

Tumaini_Jema

Naomba niongeze jambo ili asije mtu akasoma uzi huu akajitibu mwenyewe. Mama yangu mdogo alikojoa damu mara moja, haikuuma, akanyamaza mwaka mzima akiamini ni UTI. Ilikuwa saratani ya kibofu.

Damu kwenye mkojo, hata mara moja, hata isipouma, iangaliwe. Homa na maumivu ya kiuno, angalia figo. Mkojo kugoma kabisa, au ganzi sehemu unayokalia, au miguu kuishiwa nguvu, ni dharura ya siku hiyohiyo. Aliyewahi kuoga au kufua kwenye ziwa au mto wenye kichocho apimwe kichocho, maana mayai yake yanakaa kwenye ukuta wa kibofu miaka na yanaleta dalili hizihizi. Mawe, kifua kikuu cha njia ya mkojo, uvimbe wa kizazi, vyote viangaliwe kabla mtu hajamtazama paka wake kwa jicho baya.

MtuWaKliniki

Tumaini_Jema, hilo ndilo nilikuwa nakuja kuandika. Pole kwa mama mdogo.

Dada UaLaUsiku, ukishaangaliwa hayo, fanya kazi moja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitu vinne wiki moja, ukapata nafuu, tutarudi palepale pa ile safari. Anza na dawa, wiki 3. Kisha chumba cha kulala. Kisha tiba ya nyonga. Chukua kikombe chenye alama za mililita, na siku tatu za kila hatua andika saa, kiasi, na maumivu kutoka 0 hadi 10. Andika na idadi ya chafya. Kiasi kitatuambia mengi: ukiamka usiku ukatoa mililita 350, figo ndizo zinazotengeneza mkojo mwingi usiku na tuulize kuhusu maji na kukoroma, maana shida ya kupumua usingizini nayo huongeza mkojo, ukiamka ukatoa 70, tatizo liko kwenye kibofu au misuli. Na usijinyime maji mchana. Mkojo mzito unakichoma kibofu kilichokwisha kuchokozwa.

UaLaUsiku

Wakuu nimerudi, imepita wiki ya 8.

Daktari mpya alinisikiliza mpaka mwisho. Nilimpa karatasi yenye majina ya dawa kama mlivyosema. Utrasaundi baada ya kukojoa ilionyesha mililita 160 zimebaki ndani, akasema kwa umri wangu ni nyingi. Kichocho hakipo, mawe hayapo, damu haipo hata kwa hadubini. Akanitoa kwenye klorofeniramini na pseudoefedrini, akanipa setirizini na dawa ya kupuliza puani.

Naandika kama ilivyo kwenye daftari. Kabla: mchana mara 17, usiku mara 5, kikombe kikubwa kuliko vyote mililita 140, maumivu 7. Wiki ya 3 baada ya kubadilisha dawa: mchana mara 12, usiku mara 3, kikombe kikubwa 210, maumivu 6. Jagi lilibaki limejaa mpaka nikalirudisha jikoni. Mkojo unaanza wenyewe, bomba sifungui tena. Mkojo unaobaki umeshuka hadi 40.

Lakini kamba ilikuwepo. Wiki hiyo nilivunjika moyo, nilidhani vidonge ndivyo vilikuwa kila kitu.

Wiki ya 4 nikafunga mlango wa chumba. Paka alilia usiku mbili, ya tatu akalala kwenye kochi. Chafya zilishuka kutoka 30 na kitu hadi 9 kwa siku. Maumivu hayakubadilika wiki hiyo, kusema kweli, ila nililala usingizi mzito zaidi.

Wiki ya 5 nikaanza tiba ya nyonga. MikonoMiwili, ulisema mwanzoni sitasikia chochote. Mtaalamu alipogusa upande wa kushoto, ndani, karibu na mfupa, kibofu kilibana palepale wakati nilikuwa nimetoka kukojoa dakika mbili nyuma. Akaniuliza, hapa ndipo? Nikashindwa kujibu. Miaka mitatu nilikuwa naonyesha juu ya kinena, kumbe ni pale. Akashikilia kidole bila kukisogeza, akaniambia nipumue, ikachukua kama dakika moja na nusu, na nikasikia kitu kinashuka. Kilishuka kweli, kama mtu ameachia kamba.

Leo: mchana mara 9, usiku mara 1 au 2, kikombe kikubwa 290, maumivu 3, siku nikikaa sana kwenye kiti 5. Nimebakiza vipindi 6. Daktari amesema baada ya hapo tutaangalia kibofu kwa kamera kama maumivu yatabaki, ili kuona kama kuna vile vidonda vya Hunner.

Nyumbani nimewasomea uzi huu wote kwa sauti, mezani. Mume wangu ndiye anayemsugua paka sasa, nje, jioni, na anavua shati kabla ya kuingia ndani.

Baba_wa_Wawili

Nimesoma hapa nikiwa nimesimama, kama nilivyozoea. Endelea kutuletea namba, dada. Hasa hiyo ya kamera.